Msonge na Kibanja Chake

Msomaji aliyewahi kuizuru ile nyumba ya mawe ya Nairobi, alimokaa mwandishi Karen Blixen tangu 1917 hata 1931 na ambayo tangu 1986 imekuwa makumbusho, aghalabu hurudi na sura ya baraza pana na shamba la kahawa lililokwisha kutoweka. Akija Bukoba au Muleba, mkoani Kagera, Tanzania, kuitafuta nyumba ya namna hiyo ataitafuta sana, kwani kahawa ya Wahaya ilikulia kibanjani, yaani katika shamba la nyumbani, kivulini mwa migomba, hatua chache tu kutoka mlangoni.

Nyumba ya jaha ya nchi hii ni msonge, nyumba ya mviringo ya nyasi. Mwenye kutaka kuuona na aende Katuruka, katika Maruku, ambako wanakijiji wameujenga upya ule uitwao Buchwankwanzi kwa kumkumbuka Mukama (mfalme) Rugomora Mahe wa karne ya 17. Kuta hauna: nyasi zimeshuka kutoka kileleni hadi ardhini juu ya pete za matete, na kila aingiaye, awe nani, huinama. Katika msonge wa kukaliwa, moshi wa meko, ambao mgeni wa mjini huukohoa kwa manung'uniko, ndio dawa ya paa, maana hufukuza wadudu. Mgeni huyo hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani ya harufu nzuri kisha ikaanikwa. Wa kwetu humjua mara moja, kwani huuliza kikombe kiko wapi.

Walakini nyumba peke yake ni nusu ya ushahidi wa jaha hiyo. Adhama ya wakubwa wa falme za Kihaya za Kihanja na Ihangiro ilisimama juu ya nyarubanja, yaani mukama alimkabidhi mtu wake vibanja ambavyo tayari vina wenyewe, na wenyewe hao, wakiitwa sasa watwarwa, wakabaki kumtolea bwana sehemu ya pombe ya ndizi na kazi ya mikono yao. Na kahawa ilipoanza kuleta fedha, tamaa ya vibanja ikazidi, hata sheria ya 1965 ilipowafungulia watwarwa njia ya kuimiliki ardhi waliyoilima. Nyasi za paa nazo zilitoka rweya, ile mbuga ya wazi iliyokirutubisha kibanja, ambayo leo sehemu zake nyingi zimepandwa misonobari na mikaratusi, na ndiyo maana kuezeka msonge kumekuwa kazi ya gharama.

Basi ukifika Katuruka, usitosheke na kuusifu ufundi wa paa. Mwombe mwenyeji akutembeze kibanjani, na umwulize watwarwa walikaa upande gani.