Breki ya ekzosi: Kinga ya mzigo na roho miteremkoni

LORI lililopakia mahindi likitoka Tunduma kwenda Dar es Salaam lina safari ya zaidi ya kilomita 900. Kabla ya kufika Mbeya hukutana na mteremko wa Senjele. Likipita Uyole kuna Mlima Nyoka, na mbele ya Iringa linaisubiri Kitonga.

Kwenye miteremko kama hiyo mkulima wa Mbozi au mfanyabiashara wa mpakani anaweza kupoteza mtaji wa msimu mzima, na dereva na utingo wake wakapoteza maisha. Baada ya ajali husemwa kuwa breki zilifeli. Mara nyingi breki hizo zilianza kuchoka mapema, juu kabisa ya mlima, dereva alipoanza kuzikanyaga mfululizo.

Hesabu yake si ngumu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu lori lenye uzito wa hadi tani 56. Lori hilo likishuka kimo cha mita 100 hutoa nishati ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita 150 za maji. Dereva akitegemea breki za mguu peke yake, sehemu kubwa ya joto hilo huingia kwenye ngoma na leningi. Zikipata moto kupita kiasi hazishiki tena, hata akikanyaga kwa nguvu zake zote.

Tatizo hilo ni la zamani. Mwaka 1931 mhandisi wa Marekani, Clessie Cummins, alinusurika kufa ndani ya lori lililoishiwa breki kwenye mteremko wa Cajon, California. Baadaye alibuni breki ya injini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1961.

Inavyofanya kazi

Breki ya ekzosi ni ndugu wa breki hiyo, ila ni rahisi zaidi. Ni kizibo kilichofungwa kwenye bomba la moshi. Dereva akiiwasha na kuondoa mguu kwenye mafuta, kizibo hufunga. Pistoni hulazimika kusukuma hewa isiyo na pa kutokea, na injini huyavuta magurudumu nyuma. Malori mengi, yakiwemo ya Fuso yanayobeba mazao vijijini, huja nayo kutoka kiwandani.

Haifanyi kazi gari likiwa free au klachi ikiwa imekanyagwa. Pia nguvu yake hupungua injini inapozunguka polepole. Kwa hiyo dereva apunguze mwendo na kuingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya mlima. Breki za mguu azitumie kwa kukanyaga na kuachia, na mshale wa mzunguko wa injini usiingie kwenye alama nyekundu.

Wapo wanaoshuka free wakidhani wanaokoa mafuta. Injini nyingi za kisasa hukata mafuta zenyewe gari likiwa kwenye gia na mguu ukiwa juu, lakini likiwa free huendelea kunywa ili injini isizime.

Lori lenye tabo mbili

Baadhi ya injini zina tabo mbili zinazofuatana: ndogo huamka mapema, na kubwa huongeza nguvu baadaye. Hapo kizibo hukaa baada ya tabo ya mwisho. Kikifunga, shinikizo hurudi kupitia tabo zote mbili hadi kwenye valvu za injini.

Maana yake viungo vinavyobeba shinikizo ni vingi zaidi. Gasketi au klampu moja ikivuja, breki hulegea, na masizi meusi huonekana kwenye kiungo. Shinikizo likizidi kipimo cha mtengenezaji, linaweza kuzisukuma valvu zifunguke wakati usio wake. Kufunga kizibo kilichotoka kwenye injini ya aina nyingine ni kucheza na injini.

Kizibo kikinata kikiwa kimefunga, lori hukosa nguvu na kutoa moshi mweusi. Wengine huamua kuking'oa. Dawa ni kukisafisha na kukitengeneza. Moshi wa bluu nao ni dalili kwamba injini inachoma oili, na huenda sili za tabo zimechoka.

Ukishapanda mlima mrefu, iache injini iungurume dakika chache kabla ya kuizima, ili oili iendelee kuzipoza tabo.

Kabla ya kupakia

Mwenye mzigo anayo haki ya kuuliza. Mwambie dereva aijaribu breki ya ekzosi barabarani, sehemu tambarare: mguu ukitoka kwenye mafuta, mlio ubadilike na lori lijizuie. Angalia kama breki za tela zinashika, kwa sababu breki ya ekzosi hushika magurudumu ya kichwa yanayosukumwa na injini tu. Kwa sababu hiyo hiyo, kwenye lami yenye utelezi itumike kwa uangalifu, hasa tela likiwa tupu, lisije likajikunja.

Breki hii haichukui nafasi ya breki za mguu. Kazi yake ni kuzitunza zikiwa baridi, ili siku ng'ombe au mtoto akikatiza barabara chini ya Senjele, dereva akikanyaga, lori lisimame.