Mtoto mchanga akitapika kijani, usisubiri kesho

Umejifungua Mengo, mtoto amelia vizuri, ananyonya, na kesho yake mmeruhusiwa kurudi nyumbani. Usiku anaanza kutapika. Akicheua maziwa tu, usiwe na wasiwasi. Lakini matapishi yakiwa ya kijani, kama maji ya majani yaliyopondwa, hiyo ni nyongo, na huenda utumbo umeziba. Mpeleke hospitali usiku huohuo. Kyogero na dawa nyingine za mitishamba haziwezi kufungua utumbo ulioziba.

Utumbo wa mtoto hutengenezwa katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, na wakati mwingine haukamiliki. Sehemu fulani inabaki imefungwa, au utumbo unatoka nje karibu na kitovu, au tundu la haja kubwa halipo. Kuna pia utumbo ambao haukushikizwa mahali pake. Huo unaweza kujisokota na kufa kwa kukosa damu ndani ya saa chache. Si laana, wala si kosa la mama.

Kabla ya kutoka wodini, mwombe mkunga akuonyeshe tundu la haja kubwa la mtoto. Usione aibu. Kisha angalia choo cha kwanza, kile cheusi kinachonata: kwa kawaida hutoka ndani ya saa 24. Msichana anayetoa choo kupitia njia ya uke ana tatizo pia, hata kama nepi inachafuka kila siku. Tumbo linalovimba na kuwa gumu ni dalili nyingine.

Ukiwa Mengo, kituo cha afya cha Kisenyi cha KCCA kinatibu bure na kinaweza kukupa rufaa. Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Dkt. Albert Cook mwaka 1897, ni ya kanisa na inatoza malipo. Madaktari wa upasuaji wa watoto wako Mulago; kwa walio Nakivale au Oruchinga, hospitali ya rufaa ya Mbarara iko karibu zaidi. Mkimbizi hutibiwa katika hospitali za serikali sawa na raia. Chukua kitambulisho, lakini usichelewe kwa kukitafuta. Ukikwama, piga simu ya bure ya UNHCR, 0800 323232.

Njiani usimpe mtoto maziwa wala maji. Mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, umfunike. Baridi huua watoto hawa haraka. Utumbo ukiwa nje, usiurudishe ndani. Ufunike kwa mfuko wa plastiki safi na mlaze mtoto kwa ubavu.

Hospitalini watapitisha mpira mwembamba puani ili kutoa nyongo tumboni, wataweka dripu, kisha watapiga picha ya eksirei. Hewa kwenye picha huonyesha utumbo umeziba wapi. Mtoto asiye na tundu la haja kubwa mara nyingi hufanyiwa upasuaji mara tatu: kwanza kolostomi, yaani choo kutokea tumboni, baada ya miezi kadhaa kutengenezewa tundu, mwishowe kolostomi kufungwa.

Kipindi cha kolostomi ndicho kigumu zaidi, na hapo ndipo familia nyingi hukata tamaa. Mifuko ni ghali. Kitambaa laini cha pamba kinachobadilishwa mara kwa mara, na Vaseline kwenye ngozi, vinatosha. Harufu itakuwepo, na jirani atauliza. Mwambie ni njia ya muda. Mtoto ananyonya na kukua kama wengine, na tarehe ya upasuaji unaofuata isipite kwa sababu ya maneno ya watu.

Ukirudi makazini, peleka karatasi zote za upasuaji kwenye kituo cha afya cha huko. Mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo akivimba tumbo, akipata homa na kuharisha choo chenye harufu kali, mrudishe hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda kimepona.