Kuwaka Siyo Kupona: Pasi, Feni na Taa Ninazouza Kutoka Lituhi

"Dada, inawaka?"

Ukiweka picha ya pasi ya mtumba kwenye status, hiyo ndiyo meseji ya kwanza kuingia. Na wauzaji wengi wanajibu hapohapo: "Inawaka vizuri kabisa mpenzi, karibu." Hela inatumwa, mzigo unapanda basi, biashara imeisha. Wadau, mimi nasema swali hilo ni dogo mno kwa kifaa cha umeme. Pasi inaweza kuwaka huku inapiga shoti. Feni inaweza kuzunguka vizuri muda wote wa video, halafu ikaungua saa ya pili. Kwa hiyo wewe unayetengeneza na kuuza mtandaoni lazima uujue ugonjwa wa kifaa kuliko mteja, maana yeye hawezi kukigusa kabla ya kulipa.

Niko Lituhi, mwambao wa Ziwa Nyasa, jirani na mto Ruhuhu. Nanunua vifaa vya nyumbani vilivyogoma, natengeneza, nauza kupitia WhatsApp na makundi ya Facebook. Wateja wangu wako hapahapa, wengine Liuli, Mbamba Bay na Mbinga mjini, wengine ng'ambo ya daraja la Ruhuhu, upande wa Manda, Ludewa.

Kuna mama mmoja wa huko Manda alikuja na jagi la umeme la chuma, alilonunua kwa muuzaji mwingine wa mtandaoni. Shida yake aliieleza hivi: "Mwanangu, linachemsha vizuri, ila mkono ukiwa na maji linanitetemesha." Nikalifungua. Waya wake wa asili ulikuwa umekatwa, ukaungwa waya mwembamba wa redio wenye nyuzi mbili tu. Waya wa ardhini, ule wa kijani na njano, haukuwepo kabisa. Na koili ya kuchemshia ilikuwa inavujisha umeme kwenye bati la jagi. Ule waya mwembamba nao ulishaanza kulainika kwa moto.

Nikamwomba anionyeshe video aliyotumiwa kabla ya kununua. Jagi liko juu ya meza ya plastiki, maji yanachemka, muziki unapiga. Video ile haikudanganya hata kidogo, jagi lilikuwa linachemsha kweli. Ila nyumbani kwa mama yule kuna wajukuu wanaotoka kuoga ziwani na kuingia ndani miguu mibichi.

Tangu hapo ndipo nilipoanza kupiga video za aina nyingine, na nitazieleza. Kwanza tuongee kazi yenyewe, na nitakaa zaidi kwenye pasi, kwa sababu ndiyo kifaa chenye faida ya haraka kwa mwenye mtaji mdogo.

Pasi iliyokufa hapa naipata kwa Sh 3,000 mpaka 4,000. Kitu cha kwanza kuwa nacho ni mita, ile ya kawaida ya fundi redio. Plagi iwe mkononi, siyo ukutani. Weka kidhibiti joto cha pasi kwenye joto la juu, mita kwenye omu (alama ya Ω), gusa zile pini mbili za chini za plagi. Pasi ya wati 1000 ikisoma kati ya omu 48 na 58, koili ni nzima. Hesabu yake ni rahisi: volti mara volti, gawa kwa wati. Umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo 230 mara 230 gawa kwa 1000 unapata kama 53. Jagi la wati 2000 litasoma nusu yake, kama 26. Hesabu hii ukiishika, pasi, jagi, jiko la koili, vyote unavipima bila kuvichomeka.

Mita isiposoma kitu, anza na shingo ya waya, pale unapoingilia kwenye pasi. Pinda pale taratibu huku unaangalia mita. Ikisoma na kupotea, waya umekatikia ndani na hakuna ugonjwa mwingine wa kutafuta. Kata kipande kibovu, unga upya, au badilisha waya mzima wa nyuzi tatu. Kama waya ni mzima, fungua ndani utafute fyuzi ya joto. Ni kidude kidogo cha rangi ya fedha, mara nyingi kimevikwa kibomba cheupe cha nyuzi. Kazi yake ni kukata umeme pasi ikizidi moto, na kikishakata hakirudi.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapofanya ninachokiita ujanja wa dakika moja: wanakitoa na kuunga waya moja kwa moja. Pasi inawaka na mteja anafurahi. Lakini siku kidhibiti joto kikigoma, hakuna tena wa kuizuia, na ipo juu ya kitenge kwenye nyumba ya nyasi. Nunua fyuzi yenye namba zilezile za joto na ampea zilizoandikwa kwenye ile ya zamani. Haifiki hata bei ya soda tatu. Na usiiunge kwa risasi: risasi ya kuchomelea inayeyuka kwenye nyuzi joto 190 hivi, wakati ndani ya pasi kunaweza kuzidi hapo. Tena moto wa kuchomelea wenyewe unaweza kuiua fyuzi mpya kabla hujafunga mfuniko. Tumia kibomba kidogo cha chuma, kibane kwa koleo.

Ukimaliza, kipimo ninachokiheshimu kuliko vyote ni hiki. Mita iende kwenye kipimo cha juu kabisa cha omu. Mguu mmoja wa mita kwenye pini ya chini ya plagi, mwingine kwenye bati la pasi. Isisome chochote. Rudia kwa pini ya pili. Halafu iwashe pasi dakika kumi, izime, chomoa, pima tena ikiwa bado ya moto, kwa sababu kuna pasi inayokaa kimya ikiwa baridi na kuvuja ikipata moto. Mwisho pima pini ndefu ya juu na bati: hapo isome karibu na sifuri, maana yake waya wa ardhini umefika. Pasi ikishindwa kimoja kati ya hivyo naivunja, nauza vipuri.

Fyuzi ya kwenye plagi nayo usiipuuze. Pasi ya wati 1000 inavuta ampea 4 na pointi, fyuzi ya 5 inatosha. Jagi la wati 2000 linavuta karibu 9, hilo ndilo la fyuzi ya 13. Redio weka 3. Nimefungua plagi zenye kipande cha waya badala ya fyuzi, nyingine karatasi ya sigara. Mimi nikikuta hivyo najua na kwingine kumeguswa na mkono huohuo.

Feni ni rahisi zaidi. Ikiwa imechomolewa, izungushe kwa kidole. Ikiwa nzito, ni uchafu na bushi kavu. Safisha, weka mafuta ya cherehani, siyo ya kupikia, maana hayo yanaganda. Ikiwa nyepesi lakini ukiwasha inaguna mpaka uisukume ndipo izunguke, kapasita imechoka. Nunua yenye namba ileile ya maikrofaradi, mara nyingi 1.5 mpaka 2.5, na volti zisipungue za mwanzo. Halafu iache izunguke saa nzima ukiwa unafanya mambo mengine, uje uguse mota. Ikiwa moto wa kuunguza, usiuze.

Taa na betri huku kwetu ni biashara ya msimu. Wavuvi wa usipa wanavua kwa taa, siku za giza. Mbalamwezi ikitoka wengi wanapumzika, na hapo ndipo taa na betri zao zinapofika kwangu. Mvuvi haulizi wati. Anauliza: "Itafika alfajiri?" Kwa hiyo betri ya risasi ya volti 12 (siyo lithiamu, hiyo ina hesabu yake) naichaji ijae, naiacha itulie saa kadhaa, napima. 12.6 au 12.7 ni nzuri, 12.2 ni nusu. Ikiganda kwenye 10.5 chumba kimoja kimekufa, hapo hakuna maombi. Halafu naifunga na taa ileile jioni na kuandika saa iliyozima. Kwenye tangazo siandiki "betri kali". Naandika: "Nimewasha taa ya wati 5 kuanzia saa 1 jioni, imezima saa 10 na nusu usiku." Mvuvi anajua mwenyewe kama inamtosha.

Kwa upande wa Mbinga msimu ni kahawa. Malipo yakianza kutoka, watu wanatafuta redio, sabufa na TV. Anza kukusanya vibovu miezi miwili kabla, wakati wenye navyo wanatafuta hela ya haraka.

Kitu kingine kwa wanaofungua maboksi ya mtumba kutoka nje: soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Kifaa cha Marekani kimeandikwa 120V, cha Japani 100V. Pasi ya 120V ukiichomeka kwenye 230 inavuta nguvu karibu mara nne ya iliyotengenezewa. Itawaka, tena haraka sana, na itakufa. Chaja iliyoandikwa 100–240V haina shida.

Kuna vitu sivigusi na sioni aibu kumwambia mteja. Maikrowevu, kwa sababu kapasita yake inaweza kubaki na umeme wa kuua hata ikiwa imechomolewa. TV za kichogo, sababu hiyohiyo, na soko lake limekwisha. Betri ya simu iliyovimba. Na watu wakishakujua unatengeneza pasi, watakuita uongeze soketi chumbani au uvute waya mpaka bandani kwa kuku. Kataa. Kufunga umeme wa nyumba kunataka fundi mwenye leseni ya EWURA. Nyumba ikiungua hakuna atakayekumbuka kwamba ulimsaidia bure.

Sasa video. Yangu haina muziki. Inaanza na kibandiko cha volti na wati, inakwenda kwenye mita ikisoma koili, kisha mita ikiwa kimya kwenye bati, ndipo pasi inanyoosha shati. Haizidi dakika moja. Mwanzoni mtu mmoja kwenye kundi aliandika, "Huyu anatuuzia pasi au anatufundisha fizikia?" Alinunua feni mwezi uliofuata.

Maelezo ninayoweka chini yake yanakaa hivi: "Pasi kavu ya mtumba, wati 1000, volti 220–240. Nimebadilisha waya na fyuzi ya joto. Imepimwa ikiwa baridi na ikiwa ya moto, haivuji. Ina mkwaruzo kwenye mpini. Sh 14,000 ukiwa Lituhi, nauli ya mzigo kwa mteja. Siku 14 za majaribio, ikigoma narudisha hela au natengeneza, chagua wewe." Sitaki neno "original" wala "kama mpya". Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na haikusema inawahusu wenye maduka makubwa peke yao. Na ile tabia ya "bei njoo inbox", kwa kifaa cha 14,000? Andika bei, mtu aamue.

Ndani ya kila kifaa nabandika kipande cha karatasi chenye tarehe na nilichobadilisha, na kwenye daftari naandika namba ya simu ya mteja. Kikirudi ndani ya siku 14 najua kama ni kazi yangu au kimefunguliwa na mwingine. Nauli ya kurudisha nalipa mimi kama kosa ni langu. Kwenye kupanga bei, hela hiyo naiweka tangu mwanzo, Sh 1,000 kwa kila kifaa, iwe ya kutumika au isitumike.

Kufunga mzigo nako ni sehemu ya matengenezo. Gari likitoka hapa kuelekea Kitai linatikisa kila kitu, na muungano uliobana vibaya utalegea kabla ya kufika Songea. Feni toa mapanga na nyavu, zifunge pembeni. Betri ziba vichwa vyake kwa tepu na uandike JUU kwa kalamu nene. TV ya flati isafiri imesimama, kamwe isilazwe. Piga picha boksi likiwa limefungwa, na nyingine likiwa mkononi kwa kondakta, umtumie mteja pamoja na namba ya gari.

Akipokea, namwomba asiwashe kwanza. Akitikise sikioni. Kikigonga ndani kama kuna punje, anipigie kabla ya kukichomeka ukutani.