Baada ya Nusu Kaputi, Mtoto Asitapike Ovyo

Tarehe ya operesheni imeshapangwa: mtoto anatolewa mafindofindo. Mama hana usingizi, baba anajikaza kiume, na wote mnawaza kisu tu. Lakini kinachowasumbua watoto wengi huja kisu kikishawekwa pembeni: kichefuchefu na kutapika. Habari njema ni kwamba hali hiyo inaweza kupunguzwa sana, na kazi inaanza na ninyi wawili.

Semeni ukweli wa familia

Mwaka 2004, watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Leopold Eberhart walitaja mambo manne yanayoongeza hatari: operesheni ya dakika 30 au zaidi, umri wa miaka 3 kwenda juu, operesheni ya makengeza, na historia ya kutapika baada ya operesheni kwa mtoto mwenyewe, wazazi au ndugu zake. Asiye na hata moja, hatari yake ni kama 9 kwa 100. Mwenye yote manne, inafika 70.

Matatu ya kwanza daktari anayaona mwenyewe. La nne lazima aambiwe. Kwa hiyo baba, kama ulitapika usiku kucha baada ya kufanyiwa ngiri, hiyo siyo siri ya kiume. Sema! Na kama mtoto hutapika kwenye basi, litaje pia.

Muulizeni daktari wa usingizi

"Mwanangu atapewa kinga ya kutapika?" Swali hilo halina utovu wa adabu. Zipo dawa kama ondansetroni na deksamethasoni, ambazo hufanya kazi vizuri zaidi zikipewa pamoja. Dozi hufuata uzito, hivyo msijinunulie dukani. Usingizi wa sindano badala ya gesi nao hupunguza tatizo.

Njaa nayo ina kipimo

Kwa kawaida chakula husimamishwa saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, lakini maji matupu huruhusiwa mpaka saa 2 kabla, na hospitali nyingine mpaka saa 1. Ulizeni utaratibu wa hospitali yenu, kisha mfuate huohuo. Kumkausha mtoto tangu jana jioni "kwa usalama" ni kumtesa bure.

Akishaamka

Msimlazimishe kunywa ili mruhusiwe haraka. Kulazimishwa huko huongeza kutapika. Asubiri mpaka aombe mwenyewe, aanze na mafunda madogo. Soda na chipsi za kumpongeza zitangoja. Maumivu yakizidi, mwambieni nesi.

Rudini hospitali mara moja akitapika damu mbichi au matapishi ya kijani, akishindwa kubakiza hata maji, asipokojoa kwa saa nyingi, au akilegea na kuwa mgumu kuamka.

Basi leo, kabla ya kuzima taa, ulizaneni: "Wewe ulipofanyiwa operesheni, ulitapika?" Jibu liandikeni, mwende nalo.