Kukompaili Programu Huria: Maktaba Ipo, Kompaila Yakataa

Mtahiniwa, hapa ndipo wengi hujikwaa. Chukua Git, programu huria iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Sehemu kubwa ya msimbo wake imeandikwa kwa lugha ya C, nayo hutegemea maktaba ya zlib kubana data. Umepakua msimbo kwenye Debian, umeandika make, na kompaila inalalamika kuwa faili zlib.h halipo. Unatazama, unakuta pakiti ya zlib1g imo. Usiisakinishe upya, utapoteza muda bure.

Pakiti hiyo ina maktaba iliyokwisha kukompailiwa, inayotumika programu inapoendeshwa. Kompaila huhitaji kitu kingine: faili la kichwa, zlib.h, linaloieleza kila fanksheni hupokea nini na kurudisha nini. Faili hilo limo katika pakiti ya zlib1g-dev. Katika Fedora, majina ya pakiti za aina hii huishia na -devel. Sakinisha, kisha rudia make.

Kompaila ikimaliza, kiunganishi huunganisha mafaili ya .o na maktaba. Hii ni hatua tofauti yenye makosa yake, hivyo usiichanganye na ya kwanza. Programu ikianzishwa, mfumo huitafuta libz.so.1, isipopatikana, programu haianzi.

Jaribu hili: Git iliyokompailiwa vizuri kwenye kompyuta moja imenakiliwa hadi nyingine, ikakataa kuanza kwa sababu ya zlib. Kompyuta ya pili inakosa pakiti ipi kati ya hizo mbili? Eleza.