Kigari cha Safari: Cha Kweli au cha Kughushi?

Katika mabanda ya mitumba ya Majengo na Sabasaba, hapa Dodoma, baina ya marundo ya nguo na viatu vilivyotoka Ulaya, mara nyingine hupatikana kikapu cha vitu vya kuchezea watoto. Mzazi aliyepokea mshahara huinama, akamchagulia mwanawe kigari, akalipa bei ya soda, akaenda zake. Yawezekana yeye wala muuzaji hajui kwamba wako watu duniani ambao wangekinunua kigari hicho kwa kodi ya chumba ya miezi miwili au mitatu. Wako pia wajanja wanaolijua jambo hilo vyema, nao huitumia tamaa ya mwenzao kumuuzia bandia.

Ndugu msomaji asistaajabu kusikia kwamba watu wazima, wenye ndevu na familia zao, hukusanya vigari. Makampuni matatu ya Uingereza ndiyo yanayotajwa zaidi. Dinky ilitoka katika kiwanda cha Meccano mjini Liverpool, nacho kilifungwa mwaka 1979. Matchbox, ya kampuni ya Lesney, ilianza mwaka 1953. Corgi ilizaliwa mwaka 1956 kule Swansea, ikajigamba kwamba vigari vyake vina vioo vya madirisha, jambo ambalo wenzake hawakuwa nalo. Vingi vilitengenezwa kwa madini ya zinki yaliyoyeyushwa na kusukumwa katika kalibu ya chuma, na ndiyo sababu ni vizito na vya baridi mkononi.

Kimojawapo kinatuhusu sisi wenyewe. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, yakaitwa Coronation Safari kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Barabara zilikuwa za vumbi na matope, na Volkswagen ile ya mgongo wa duara ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Katikati ya miaka ya 1960 Corgi ikatoa kigari cha Volkswagen hiyo kikiwa katika mavazi ya safari ya Afrika Mashariki. Kilikuwa na tairi la akiba juu ya paa na, ili mtoto wa London aione Afrika, kilifuatana na sanamu ndogo ya kifaru. (Kwa nini kifaru na si dereva aliyekwama topeni, mwandishi huyu hajaambiwa.) Kikiwa kizima, pamoja na sanduku na kifaru wake, huweza kupata zaidi ya pauni 100 mnadani Uingereza. Kikiwa kimechubuka na kifaru amepotea, thamani hiyo huporomoka.

Hapo ndipo mghushi anapoingia. Si lazima atengeneze kigari kizima. Hiyo ni kazi ya gharama. Hutwaa kigari halisi kilichochakaa, akakichubua rangi, akakipaka upya, akakitia matairi mapya na alama za kubandika, kisha akakichapishia sanduku. Kukarabati si kosa, na wako mafundi waaminifu wanaouza vipuri vya kuigiza wakitamka wazi kwamba ni vya kuigiza. Kosa ni kuuza kilichokarabatiwa kwa jina la kile ambacho hakijawahi kuguswa.

Basi anayetaka kununua akigeuze kigari chini juu. Hapo pataonekana ribiti zinazoshika mwili na sakafu. Za kiwandani zimefumuliwa kichwa kwa mashine, nazo ni laini na sawasawa. Ukiona mkwaruzo wa keekee, skrubu au gundi, ujue kigari kimefunguliwa. Kisha tazama rangi penye mifereji ya milango na katika herufi ndogo za sakafuni. Rangi ya mkono hujaza mifereji, na herufi huonekana kana kwamba zimevimba. Mpira wa miaka 60 kwa kawaida hukauka, hupasuka au hubonyea. Tairi jeusi linalong'aa chini ya gari la kale lina maelezo ya kutoa.

Sanduku ndilo hudanganya wengi, kwa kuwa laweza kupandisha bei maradufu. Lenzi ya kukuzia itaonyesha kama picha imetoka katika printa ya kompyuta, yaani vitone vilivyotawanyika ovyo na kingo za herufi zisizo kali. Wapo wanaopaka karatasi chai ili ionekane kuukuu. Ile taa ya wenye maduka ya kukagulia noti nayo husaidia, maana karatasi nyingi za siku hizi hung'aa samawati chini yake. Ila ushahidi huo usitoshe peke yake: dawa za kung'arisha karatasi zilikwisha kuenea viwandani tangu miaka ya 1950.

Si kila nakala ni wizi. Baadhi ya kalibu za Dinky zilihamishiwa India, na vigari vilivyotoka huko viliuzwa kwa jina la Nicky. Hivyo navyo vina wakusanyaji wao.

Kuna jambo zito kuliko fedha. Rangi za zamani mara nyingi zilichanganywa na risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto. Hata mwaka 2007 kampuni ya Mattel ya Marekani ililazimika kurudisha vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa China kwa sababu ya rangi ya namna hiyo. Kigari cha kale kinachobanduka rangi, kiwe halisi au bandia, kisipewe mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Huyo atengenezewe gari la mabua ya mtama. Kwa vitu vipya vya dukani vinavyotiliwa shaka, Shirika la Viwango Tanzania lina ofisi ya Kanda ya Kati hapa Dodoma, na Tume ya Ushindani hushughulikia bidhaa zenye nembo za kughushi.

Aliyebahatika kuokota cha kweli asikisugue kwa sabuni ya unga wala kukipaka rangi mpya. Akifute vumbi kwa brashi laini, akifunge katika kitambaa kikavu, na akapekue tena kikapu kile, maana huenda kifaru yumo.