Kuuliza si Ujinga: Mbona Maji Hayawaki?

Wanafunzi wetu hapa Uganda husoma sayansi kwa Kiingereza, hivyo katika somo la istilahi tumeweka kanuni: anayeuliza aeleze kwanza alichosoma na mahali alipokwama. Lengo ni kumzuia mtu asitafuniwe kila kitu.

Mwanafunzi mgeni, asiyeijua kanuni hiyo, aliuliza: "Mwalimu, haidrojeni huwaka, na oksijeni huchochea moto. Mbona maji huzima moto?" Wenzake wakacheka na kumkumbusha kanuni. Akaketi kimya. Nilipomwuliza amesoma nini, alinionyesha sentensi niliyoiandika mwenyewe ubaoni: "Maji ni mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni."

Kosa lilikuwa langu. Katika kemia, mchanganyiko ni vitu vilivyo pamoja bila kuungana, kama mchanga na chumvi. Kila kimoja hubaki na tabia zake, na kiasi chake chaweza kubadilika. Maji ni kampaundi: atomi 2 za haidrojeni zimeungana na atomi 1 ya oksijeni. Katika gramu 18 za maji, takriban 2 ni haidrojeni na 16 ni oksijeni, daima. Tena haidrojeni inapoungua hutoa maji. Ni kama majivu yake, nayo majivu hayawaki tena.

Kanuni tumeibakiza, ila sasa mgeni huelezwa kabla ya kukemewa. Nasi walimu wa lugha tukumbuke: swali linaloonekana la kitoto huweza kufichua istilahi tuliyoitumia vibaya sisi wenyewe.